Kuhamia Unguja au Pemba: mwongozo kamili wa ukaazi, kuanzia kwa sheha hadi kwenye ardhi

Mtu anayehamia Zanzibar kutoka Tanga, Mwanza au Mbeya havuki mpaka wa nchi. Anapanda boti Dar es Salaam, anashuka bandari ya Malindi, na bado yumo Tanzania. Lakini ameingia mahali penye Katiba yake ya 1984, Rais wake, Baraza lake la Wawakilishi, na sheria yake inayoamua nani ni Mzanzibari na nani ni mkaazi tu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Unguja na Pemba. Mwaka 2012 walikuwa 1,303,569. Ardhi ni ile ile. Ndiyo maana swali la "wewe wa wapi?" huku haliulizwi kwa kupitisha wakati. Linagusa kiwanja, kazi ya Serikali, kura, na hata mwamba wa kuvulia pweza.

Mwongozo huu ni kwa Mtanzania wa Bara anayekuja kufanya kazi au kuoa, kwa Mzanzibari aliyeondoka zamani na sasa anarudi, na kidogo kwa mgeni wa nchi nyingine. Hatua isiyokuhusu iruke, ila ya kwa sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa mtaa wako, usiiruke hata ukiambiwa haina haja. Haki kadhaa za hapa huhesabiwa kwa muda uliokaa, na siku utakapotakiwa kuuthibitisha muda huo, kitakachosema ni daftari lake.

Hatua ya 1: Jua unachokiomba

Watu hupoteza miezi wakiomba kitu kisichokuwa chao. Kuna mambo matatu, na kila moja lina mlango wake.

Uraia ni jambo la Muungano. Unatawaliwa na Sheria ya Uraia Na. 6 ya 1995, ni mmoja kwa nchi nzima, na hakuna uraia wa Zanzibar peke yake.

Uzanzibari ni jambo la Zanzibar. Umo katika Sheria ya Mzanzibari Na. 5 ya 1985, na sharti lake la mwanzo ni uwe raia wa Tanzania. Baada ya hapo sheria inatazama tarehe mbili. Raia aliyekuwa akiishi Zanzibar kabla na mpaka tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, ni Mzanzibari. Aliyezaliwa Zanzibar baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 anaupata kupitia wazazi wake, au mmoja wao, aliye Mzanzibari.

Ukaazi ni kuishi hapa kwa halali na kuandikwa. Mtanzania yeyote anaweza kuwa mkaazi wa Zanzibar bila kuwa Mzanzibari, na wako wengi wa namna hiyo: walimu, wapishi wa hoteli za Nungwi, mafundi, wauza mboga wa Darajani.

Matokeo yake huwashangaza watu. Mtoto wa baba na mama wa Bara aliyezaliwa hospitali ya Mnazi Mmoja hawi Mzanzibari kwa sababu ya wodi aliyozaliwa. Na mjukuu wa Mpemba aliyezaliwa Muscat, mwenye pasipoti ya Oman, si Mzanzibari kisheria hata akizungumza Kipemba kuwashinda binamu zake wa Wete, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mwenye hali hiyo aanzie Uhamiaji. Kwa sheha atapewa chai na maelekezo ya kurudi Uhamiaji.

Tofauti hii utakutana nayo mapema ukitafuta kazi. Tangazo la ajira ya Serikali ya Mapinduzi mara nyingi huanza sifa zake kwa maneno "Awe ni Mzanzibari". Kazi za Muungano na za kampuni binafsi hazina sharti hilo.

Hatua ya 2: Kwa sheha

Zanzibar ina mikoa 5 na wilaya 11, na kila wilaya imegawiwa shehia, maeneo madogo ya utawala. Sheha ndiye mkubwa wa shehia. Hachaguliwi kwa kura. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya, chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 8 ya 2014. Yeye ndiye mwenye kumbukumbu za wanaoingia na wanaotoka, ndiye anayeandika barua za utambulisho, na ndiye anayeulizwa kwanza kila panapokuwa na shaka juu ya mtu.

Nenda wiki ya kwanza, na usiende peke yako. Muombe mwenye nyumba wako akufikishe, au jirani anayejulikana. Mtu aliyeletwa na mtu ana mdhamini tayari, na sheha hatalazimika kuanza kupiga simu mtaani kuuliza huyu ni nani. Beba kitambulisho cha Taifa au cheti cha kuzaliwa, mkataba wa pango (hata wa karatasi moja, uwe na saini za pande zote mbili), picha za pasipoti, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji ulikotoka. Kama umekuja kwa kazi, chukua barua ya mwajiri. Kama umekuja kwa ndoa, chukua cheti cha ndoa. Toa nakala kabla, maana mashine ya kutolea huwa mbali siku unayoihitaji.

Masheha wengine wana ofisi, wengine wanafanyia kazi barazani kwao. Uliza saa zake. Usimgongee saa ya sala wala adhuhuri watu wamelala. Ukifika piga hodi, toa salamu, kaa, ulizana hali kwanza. Kisha jitambulishe kwa ukamilifu: "Sheha, mimi naitwa fulani bin fulani, nimetoka Tanga, nimepanga kwa Bi Fulani hapa nyuma ya msikiti, nimekuja kufundisha skuli." Sentensi moja hiyo imemjibu maswali yake yote. Anayeanza na "nataka barua" huulizwa maswali hayo hayo kwa ukali zaidi. Masheha wanawake wapo wengi, na adabu ni ile ile. Wengi huwaita Bi Sheha.

Kabla hujaondoka hakikisha mambo mawili. Kwanza, jina lako limeandikwa na tarehe, pamoja na majina ya watoto na wote unaoishi nao. Pili, umepata barua yenye muhuri, au umeambiwa siku ya kuifuata. Ukitakiwa kulipa ada, omba risiti kwa upole. Pasipo risiti, sema utarudi nayo kesho, kisha uulize wilayani kama ada hiyo ipo.

Jambo moja la kuwa nalo macho. Tangu vitambulisho vya ukaazi vilipoanza, masheha wamekuwa katikati ya malalamiko ya kisiasa: nani amepewa, nani amenyimwa, nani amesajiliwa asiyestahiki. Uandikishaji wa wapiga kura wa 2009 ulikwama kwa muda kaskazini mwa Pemba kwa sababu ya ugomvi wa vitambulisho. Maridhiano ya CCM na CUF, na kura ya maoni ya Julai 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, yalipoza mengi, ila kila msimu wa uchaguzi kidonda kinawasha. Kwa hiyo siku ya kujiandikisha siasa ziache nje, na kama unaweza kuchagua, jiandikishe mwaka usio wa uchaguzi. Anayetokea kwa sheha miezi michache kabla ya kura hutazamwa kwa jicho lingine, hata awe na nia safi kiasi gani.

Hatua ya 3: Kitambulisho

Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kilianza chini ya Sheria Na. 7 ya 2005. Sasa kazi hiyo iko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya 2018, ambayo pia inasajili vizazi, vifo, ndoa na talaka. Ofisi zake ziko wilayani. Kuna kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kuna cha mkaazi asiyekuwa Mzanzibari, na kuna cha mgeni mkaazi. Mtanzania wa Bara aombe cha pili bila kuona haya. Ni kitambulisho halali, na kinaandika kwamba uko hapa tangu lini. Kulazimisha cha kwanza kwa maelezo ya uongo ni kosa la jinai, na sheha aliyekutilia saini ataingia matatizoni pamoja nawe.

Maombi yenyewe hayana ugumu: fomu, cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa sheha, picha na alama za vidole. Ugumu uko kwenye majina. Mtu anaitwa Mohamed kwenye cheti, Mohammed kwenye kitambulisho cha Taifa, Muhammad kwenye cheti cha skuli. Babu ametajwa huku na kule ameachwa. Kompyuta haijui kuwa huyo ni mtu mmoja. Kabla ya kupiga picha, panga nyaraka zako zote mezani uzilinganishe herufi kwa herufi, kisha chagua moja iwe mama, kwa kawaida cheti cha kuzaliwa. Zilizobaki zirekebishwe zifuate hiyo. Ni kazi ya kuchosha, lakini ifanye sasa ukiwa na nafasi, usingoje siku ya kudai mirathi.

Wazee nao wana lao. Zanzibar inatoa Pensheni Jamii kwa waliotimiza miaka 70, mpango ulioanza Aprili 2016. Wazee wengi wa mashamba hawakuwahi kuwa na cheti, na mwaka wao wa kuzaliwa uliandikwa kwa kukisia. Aliyepunguziwa miaka mitano siku ile anasubiri miaka mitano zaidi. Kama una mzazi wa miaka sitini na kitu, kitazame kitambulisho chake leo. Kukirekebisha akiwa bado hajaanza kudai kitu ni rahisi zaidi, kwa sababu hakuna atakayeshuku kuwa anatafuta pesa.

Mtoto akizaliwa, sajili mara moja. Sina la kuongeza hapo.

Hatua ya 4: Kwa anayerudi

Mzanzibari aliyeondoka mdogo akakulia Mombasa, Dar es Salaam au Tanga mara nyingi anarudi na Kiswahili cha huko, jina la ukoo, na karatasi chache. Kazi yake ni kuonesha mnyororo: yeye ni mtoto wa fulani, na fulani alikuwa Mzanzibari. Anza na cheti chako. Kama hakipo, tafuta cha mzazi, rejesta ya skuli aliyosoma, cheti chake cha ndoa cha kwa kadhi, cheti cha kifo, hati ya shamba au ya eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi. Nenda shehia ya asili ya ukoo, si ya mjini ulikopanga, kwa sababu huko ndiko waliko wazee wanaoweza kusema "huyu namjua babu yake". Andika maelezo yao mapema, watie saini mbele ya sheha. Mashahidi wenyewe ni wazee sana, na kila mwaka wanapungua.

Kinachowapata watu wanaokaa vizazi bila karatasi tumekiona kwa Wapemba wa pwani ya Kenya. Wavuvi waliohamia Kwale, Mombasa na Kilifi walizaa na kuzikana huko miaka na miaka bila kitambulisho cha upande wowote, wakishindwa kusajili laini ya simu wala kupata leseni ya uvuvi kwa majina yao. Kenya iliwatambua kuwa raia mwaka 2023 tu. Waliorudi Pemba kabla ya hapo walikuta hata huku majina yao hayamo.

Hatua ya 5: Kura

Zanzibar kuna chaguzi mbili katika wakati mmoja. Ya Rais wa Zanzibar, Wawakilishi na madiwani inaendeshwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, na ni ya Wazanzibari. Unatakiwa uwe na miaka 18, uwe na kitambulisho cha ukaazi, na uwe umekaa jimboni kwa miezi 36 mfululizo. Waliohamishwa kikazi na Serikali, askari na wanafunzi wana kinga zao katika kipengele hicho cha muda.

Ya Rais wa Muungano na Wabunge iko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mkaazi asiyekuwa Mzanzibari anaweza kuandikishwa katika daftari la Tume hiyo hapa hapa visiwani na kupiga kura hizo mbili. Wengi wa Bara hawalijui hili, wanakaa nyumbani siku ya uchaguzi wakidhani hawana haki yoyote.

Hatua ya 6: Nyumba na ardhi

Kupanga nyumba hakuna sharti la Uzanzibari. Andika mkataba, sheha aushuhudie, basi. Ukipanga Mji Mkongwe uliza kwanza nyumba ni ya nani hasa, maana nyingi ni za wakfu na ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Aliyekupangisha anaweza kuwa mpangaji mwenzako.

Ardhi ndiyo inayoliza watu. Baada ya Mapinduzi ardhi yote iliwekwa chini ya Serikali, na kwa Sheria Na. 12 ya 1992 kinachotolewa ni haki ya matumizi, kwa Mzanzibari. Asiyekuwa Mzanzibari hapewi haki hiyo. Anaweza kukodishwa kwa utaratibu maalumu, na mwekezaji hupitia mamlaka ya uwekezaji, ZIPA. Uhaulishaji wa kudumu, yaani kumhamishia mtu mwingine haki ya ardhi, na ukodishaji wa muda mrefu unatakiwa upite Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono mbele ya dalali na watu wawili haitoshi, hata ikiwa na muhuri wa sheha.

Ukiwa wa Bara utashauriwa na wengi, tena kwa nia njema, uandikishe kiwanja kwa jina la rafiki Mzanzibari. Ushauri wangu: usifanye. Rafiki akifa, warithi wake hawana habari na makubaliano yenu, na mahkama itasoma jina lililoandikwa. Kama umeoa au umeolewa hapa, andikisheni kwa jina la mwenza aliye Mzanzibari, mkijua wazi kuwa ni mali yake, na mkae na mwanasheria juu ya fedha ulizotia.

Kwa Mzanzibari anayenunua, au anayerudi kudai cha ukoo, fuata mpangilio huu. Kwanza kaa na majirani wa pande zote nne, si mmoja. Wao ndio wanaojua mpaka uko kwenye mbuyu au kwenye mfenesi. Pili, uliza miti ni ya nani. Huku mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti: minazi ya huyu, mikarafuu ya yule, na udongo wa Serikali. Mtu akikuuzia ardhi bila miti, mwenye minazi ataendelea kuja kuangua. Tatu, uliza kama ni eka, yaani zile eka tatu tatu walizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi. Hizo haziuzwi kiholela, na kuzikata viwanja bila idhini ni kununua kesi. Nne, nenda Kamisheni ya Ardhi ukahakikishe kumbukumbu zao zinasema nini, ndipo utoe pesa.

Hata mila inafuata mantiki hiyo hiyo. Mgeni aliyekaribishwa kijijini hupewa kipande cha kulima mihogo au viazi, mazao ya kuvuna na kuondoka. Ukipewa kipande kama hicho usipande mnazi wala mwembe bila kuuliza. Utaonekana unaweka dai, na kwa kweli utakuwa unaliweka.

Hatua ya 7: Ukiwa mtu wa bahari

Wavuvi wa visiwani wamezoea kwenda dago, kuweka kambi ufukwe wa watu wengine kwa msimu. Ukifika, wa kwanza kumuona ni bwana diko, msimamizi wa diko, yaani mahali vyombo vinapofikia na samaki kushushwa, kisha kamati ya uvuvi ya shehia, kisha sheha. Onesha leseni, taja idadi ya watu na aina ya nyavu. Uliza miamba iliyofungwa: mahali kama Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji hufunga sehemu ya miamba kwa miezi ili pweza wakue. Kuivua iliyofungwa ni njia ya haraka ya kufukuzwa na vyombo vyako kuzuiliwa.

Hatua ya 8: Karatasi unayo, mtaa bado

Kitambulisho hakikufanyi mtu wa mtaa. Kinachofanya hivyo ni misiba. Ukisikia jeneza likitangazwa msikitini, nenda, hata humjui marehemu. Ukiwa si Muislamu simama na wanaume nje, au kwa wanawake ingia jikoni usaidie. Shughuli ya harusi ikija changia kidogo kwa wakati, badala ya kingi kwa kuchelewa. Vaa kwa staha ukiwa mtaani, na Ramadhani usile wala kuvuta sigara barabarani mchana.

Kusini Unguja, Makunduchi, Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, husherehekewa kila Julai, na kwa desturi ya hapo nyumba isiyo na mgeni siku hiyo huhesabiwa haina heri. Ukialikwa, kwenda ni kumsaidia mwenyeji wako. Usikatae kwa kudhani unamtwisha mzigo.

Kwa mgeni wa nchi nyingine

Kibali cha kuishi, daraja A, B au C, hutoka Uhamiaji, kwa kuwa uhamiaji ni wa Muungano. Kibali cha kufanya kazi hutoka Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar, kwa kuwa kazi si jambo la Muungano. Cha Bara hakikufungulii kazi huku. Ukishapata vyote viwili, nenda kwa sheha kama kila mtu.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Hata wakikataa kuandika, andika wewe barua ya kuomba sababu, upeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Panda ofisi ya usajili ya wilaya, kisha kwa Mkuu wa Wilaya. Kila unapokwenda andika tarehe na jina la uliyeonana naye. Ikishindikana, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kinatoa ushauri tangu 1992, wasaidizi wa sheria wako wilayani na wanazijua ofisi kwa ndani, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi Zanzibar. Migogoro ya ardhi ina mahkama yake, Mahkama ya Ardhi. Usimtukane sheha barazani wala mitandaoni huku shauri likiendelea. Kesho utamhitaji kwa barua nyingine.

Ukihama

Kutoka shehia moja kwenda nyingine, hata ni Jang'ombe kwenda Fuoni, muage sheha wa zamani, chukua barua ya uhamisho, upeleke kwa mpya wiki hiyo hiyo. Rekebisha anwani kwenye kitambulisho. Ukivuka jimbo, miezi 36 ya kura inaanza upya, kwa hiyo mwenye mpango wa kuhama afanye hesabu yake kwa kalenda ya uchaguzi kabla ya kukodi gari la mizigo.